Siku Lekishon Alipojifanya Mgonjwa

Watu wakisikia kwamba nilikuwa nesi wa chuo kikuu hapa Kitengela mpaka nikastaafu, huniuliza, "Sasa hao vijana wenye nguvu zao ulikuwa unawatibu nini?" Mimi huwajibu: vidonda vya tumbo. Mitihani ikikaribia, vidonda vya tumbo. Msichana akiachwa, vidonda vya tumbo. Kijana anaingia, anafunga mlango, anaangalia dari, anasema, "Sista, nafikiri niko na vidonda vya tumbo." Ukimpa maji na ukanyamaza kidogo, vile vidonda vinapanda polepole kutoka tumboni, vinapita kooni, na vinatokea machoni vikiwa machozi.

Nawaandikia nyinyi mlio chuoni sasa, na nyinyi mtakaoingia mwaka ujao mkiwa mmebeba godoro na ndoo. Mimi ni Sista Mbithe. Kitu kimoja nataka mjue mapema: tumbo ni msemaji tu. Mwenye shida mara nyingi yuko juu zaidi.

Kazi hii nilifundishwa na Sista Wambui, aliyekuwa mkuu wa kliniki nilipoajiriwa. Alikuwa mwanamke mrefu, na kicheko chake kilisikika mpaka kwenye foleni ya chakula. Mimi nilitoka wodi ya kujifungulia. Nilikuwa nimezoea wagonjwa wanaopiga kelele, na kule angalau unajua mtoto atatokea wapi. Hapa mtu anakaa mbele yako ametulia kabisa, amevaa vizuri, anasema "niko sawa," na wewe ndiwe unatakiwa ujue kwamba hayuko sawa.

Wakati huo ofisi kuu ilikuwa imetuletea kibao kipya. Waliokitengeneza walikuwa na nia njema, lakini walikiandika kwa herufi kubwa nyekundu: CHUMBA CHA MATATIZO YA AKILI. Wakakipigilia juu ya mlango wetu wa mbele, unaotazamana na foleni ya chakula cha mchana. Niambie, ni nani angeingia pale, wenzake wote wakimtazama na sahani mkononi? Kwa muda mrefu hakuingia mtu, ila paka wa jikoni.

Sista Wambui hakuandika malalamiko. Alikitoa kile kibao, akakigeuza, akakitumia kuwekea sufuria ya chai. Kisha akafungua mlango wa nyuma, ule unaotokea kwenye shamba la sukuma wiki la jikoni, na akatangaza kwamba mwanafunzi yeyote anaruhusiwa kuja kuchuma mboga.

Ghafla chuo kizima kikapenda mboga! Vijana wasio na hata jiko chumbani walikuwa wanakuja kuchuma sukuma wiki. Wanachuma majani mawili, wanaangalia huku na huku, wanaingia kwetu. Wakimaliza kuzungumza wanatoka na zile mboga mkononi, wakitembea kama wakulima. Kuna mmoja alichuma, akaingia akalia, akatoka akachuma tena. Mpishi mkuu alilalamika kwamba shamba linaisha. Sista Wambui akamwambia, "Panda lingine. Hilo ndilo hospitali."

Hapo nikajifunza kwamba msaada hata uwe mzuri namna gani, kama mlango wake unaaibisha, hauna kazi. Ukitafuta msaada, tafuta mlango ule ambao miguu yako itakubali kuingia. Kama ni mshauri wa chuo, sawa. Kama ni nesi, sawa. Kama ni lekchara mmoja ambaye humwogopi, anza na huyo. Usingoje mlango mzuri kuliko yote.

Jambo la pili alilonifundisha lilikuwa gumu zaidi. Alisema, "Mbithe, siku moja utakaa na kijana na utashuku kwamba anafikiria kujitoa uhai. Siku hiyo usizunguke. Usiulize, 'Je, umewaza jambo baya?' Jambo baya ni nini? Kuiba? Uliza kwa maneno yenyewe, na sauti ile ile unayouliza kikohozi kimeanza lini."

Nikamwambia naogopa, labda nitamwingizia wazo hilo.

"Kuuliza hakumpi mtu wazo," akasema. "Kama liko, amekuwa akilibeba peke yake. Ukiuliza, mmelibeba wawili."

Akaniambia nikafanye mazoezi nyumbani mpaka swali lisinikwame. Nami kwa utiifu wangu nikaenda kumfanyia mazoezi mume wangu. Tulikuwa mezani, ugali uko moto, nikamtazama machoni nikasema kwa sauti ile ya kikohozi, "Baba Mutheu, umewahi kufikiria kujiua?"

Alirudisha tonge kwenye sahani. "Kwani," akasema, "umeamua kufanya nini?"

Nilimweleza ni mazoezi ya kazi. Aliitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Asubuhi nikafungua mlango nikamkuta pasta amesimama na Biblia, amekuja kusuluhisha ndoa. Ikabidi nimwekee chai. Na kwa sababu alikuwa ameshafika, nikamfanyia mazoezi na yeye pia.

Cheka tu. Lakini swali halikunikwama tena, na siku alipokuja mwanafunzi ninayemwita Kimani, lilitoka laini kama maji.

Kimani na Lekishon si majina yao. Wenyewe wameyasoma haya na wamekubali niyaandike, ingawa Kimani amelalamika kwamba nimempunguzia mizaha.

Kimani alikuwa mwaka wa tatu, akisomea ualimu. Kama kuna sherehe chuoni, yeye ndiye aliyeshika maikrofoni. Baba yake anafuga kuku kule Isinya, na Kimani alikuwa akisema jukwaani, "Mzee wangu ana kuku wengi na anawajua mmoja mmoja. Mimi niko peke yangu na bado ananichanganya na mlinzi." Ukumbi mzima unaanguka. Hata mimi niliwahi kucheka mpaka kofia ikanitoka.

Lekishon ndiye aliyelala naye chumba kimoja. Kijana wa Kimaasai, mrefu, mpole, alisomea uchumi na hakupenda kuongea. Wakati huo Sista Wambui alikuwa ameshastaafu, na mimi ndimi niliyekuwa kwenye kiti chake. Asubuhi moja Lekishon akaingia kwa mlango wa sukuma wiki, mikono mitupu. Hakujisumbua hata kuchuma jani.

"Sista, niko na swali. Mtu akianza kupeana vitu zake, hiyo ni ugonjwa?"

"Vitu gani?"

"Spika yake. Ile anapenda. Amepea mtu wa ghorofa ya chini. Na viatu za ngozi. Mimi amenipea koti, na hii baridi yote."

"Analala?"

"Halali. Ni wiki nyingi. Na darasa aliacha, anatoka asubuhi na begi, halafu anaenda kukaa tu pale nyuma ya maktaba. Lakini jana alikuwa na furaha sana. Alinishika mkono akaniambia, 'Asante kwa kila kitu, komredi.'" Akatazama mlango. "Sisi hatuambiananga hivyo."

Vijana, hapo ndipo nywele ziliponisimama. Mtu aliyekuwa gizani, kisha akatulia ghafla, akagawa vitu anavyovipenda, akaaga kwa namna ambayo si desturi yake: usimsubiri mpaka kesho. Hata kama ni mcheshi. Hasa kama ni mcheshi, kwa sababu huyo kila mtu anadhani ana akiba ya furaha.

"Mlete sasa hivi," nikamwambia.

"Atakataa. Atasema kliniki ni ya wagonjwa."

"Basi usimlete wewe. Mwache yeye akulete."

Lekishon alinitazama bila kuelewa. Halafu nikaona tabasamu linaanza upande mmoja wa mdomo.

"Ukishindwa," nikasema, "nipigie simu na usiondoke kando yake. Nitakuja mwenyewe na sare yangu na raba zangu."

Chai yangu ilikuwa haijapoa nilipowaona wakivuka lile shamba. Lekishon alikuwa amejiegemeza kwa Kimani, amejikunja, anaburuta mguu. Sijui mguu ulikuwa umeingiaje kwenye ugonjwa huo. Tangu nianze uuguzi sijaona mwigizaji mbaya kuliko yule.

"Inauma wapi?" nikamuuliza.

"Tumbo, Sista," akasema, na akashika kichwa.

Kimani akacheka. "Sista, huyu ugonjwa wake unatembea. Tukitoka hosteli ulikuwa mgongo. Mimi nimemwambia ni njaa."

Nikampima joto kwa heshima zote. Nikamlaza nyuma ya pazia, nikamwambia agune polepole asisumbue watu. Kisha nikamgeukia Kimani. "Wewe uliyemleta mgonjwa, kaa hapa kwanza."

Akakaa. Akanitolea vichekesho viwili kuhusu kitanda changu cha wagonjwa, nami nikacheka kwa kweli, maana vilichekesha. Sikumkatiza. Vilipokwisha nikamuuliza analala vipi. Akasema analala kama paka, jicho moja. Nikamuuliza anakula nini. Akasema anakula kwa macho. Na sauti yake ilikuwa inapungua kidogo kila jibu, kama redio inayoishiwa na betri.

Nikasogeza kiti. "Kimani, mtu akilemewa sana, wakati mwingine hufikiria kujiua. Wewe umefikiria?"

Nyuma ya pazia, kuguna kukakoma.

Kimani aliangalia viatu vyake. Vilikuwa raba kuukuu, vile vya ngozi alikuwa amevipeana. 

"Ndio," akasema. Kisha, "Nilisemanga kwa steji. Nilisema wazi kabisa. Watu walicheka."

Sitaandika mengine aliyoniambia. Hayo ni yake. Nitasema tu kwamba nilimuuliza kama amepanga, akasema amepanga, na nilijua kwamba siku hiyo hatoki mbele ya macho yangu.

Pazia likafunguliwa kwa nguvu, Lekishon akatokea na blanketi mabegani. "Mimi siko mgonjwa!" akasema, kama mtu anayekiri wizi.

"Najua, boss," Kimani akasema. Alikuwa analia na kucheka pamoja. "Ulikuwa unaumwa na tumbo kwa kichwa."

Wakakumbatiana pale, blanketi la kliniki likawafunika wote wawili, nami nikageuka nikaanza kupanga bandeji ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Nilimwambia Kimani ukweli: "Mengine yote uliyoniambia yatabaki hapa. Lakini hili la uhai wako silifanyi siri. Tutawaambia watu wachache, na wewe utachagua wa kwanza."

"Usimwambie baba," akasema. Akafikiria. "Hapana. Mwambie baba."

Nilimpigia simu mshauri wa chuo, ambaye siku hiyo alikuwa kwenye mafunzo mbali. Alinisikiliza akasema, "Hapo pamevuka mazungumzo, Mbithe. Mpeleke hospitali sasa, nami nitaonana naye akitoka." Nikampigia mkuu wa wanafunzi, naye akatuma mtu kuondoa chumbani vitu vya hatari nilivyomtajia. Kisha nikampigia Baba Kimani.

"Huyo anawachezea," mzee akasema. Nyuma yake nilisikia kuku kama bunge zima. "Huyo ni mtu wa mchezo tangu azaliwe."

"Baba Kimani, leo hachezi. Kaa karibu na simu. Maswali utaniuliza tukionana."

Ambulensi ya chuo ilikuwa gereji. Gari lililokuwa tayari ni pikapu ya jikoni, ile ya viti viwili mbele na vitatu nyuma, na dereva wake Ndolo alikuwa ndio anaingia kutoka sokoni. "Kuna kabichi," Ndolo akasema. "Nishushe kwanza?" Nikamwambia kabichi zitatembea na sisi.

Sasa sikilizeni hili vizuri, maana ni ufundi wa kazi. Ukimpeleka mwenzako hospitali, pale dirishani usiseme ana kichwa, wala msongo wa mawazo, wala vidonda vya tumbo. Utakaa kwenye benchi mpaka jua lizame. Mimi nilimwambia karani wa hospitali ya Kitengela, kwa sauti ya chini lakini bila kupindapinda, "Kijana huyu yuko kwenye hatari ya kujiua. Hatuwezi kumwacha peke yake hata kidogo. Anahitaji kuonwa sasa." Yule karani aliinua macho, akaacha alichokuwa akifanya, akatuongoza mwenyewe. Na usiondoke. Kaa naye kwenye benchi. Kama huna la kusema, nunua njugu mle pamoja.

Alikuja daktari msichana, pengine umri wake haukumzidi Kimani sana. Hakusimama juu yake. Alikaa naye kwenye benchi, akamuuliza jina, akamuuliza swali lile lile na sauti ile ile ya kikohozi, nami moyoni nikasema, Sista Wambui, wanafunzi wako ni wengi kuliko unavyojua. Alipomaliza alisema ingefaa Kimani aonwe siku hiyo hiyo na daktari wa akili, ambaye alikuwa Kajiado. Ambulensi yao ilikuwa imempeleka mama mjamzito.

"Mimi ni nesi," nikasema. "Na niko na gari."

Alichungulia nje. "Lile la kabichi?"

Hivyo ndivyo tulivyoshika barabara ya Namanga mchana kweupe: Ndolo kwenye usukani, mimi kando yake, Kimani na Lekishon nyuma, na mlima wa kabichi ukitufuata. Nikampigia tena Baba Kimani nikamwambia tunapita Isinya. Tulipokaribia nikamwona amesimama kando ya lami na gambuti, shati limejaa vumbi la chakula cha kuku, nyoya moja limemshika kwenye kofia. Alikuwa ametoka bandani moja kwa moja. Alifungua mlango wa nyuma, Lekishon akasogea, mzee akaingia. Kimani akawa katikati.

Pembeni ya barabara mbuzi walikuwa wanakula majani makavu. Niliwaona kwenye kioo: mzee anaangalia mbele, kijana anaangalia magoti. Nilitaka kusaidia. Nikajizuia. Sista Wambui alikuwa akisema ukiona mzazi anatafuta neno, usimpe la kwako, litakuwa kubwa kwake kama koti la kuazima.

Mwishowe mzee akakohoa.

"Baba," akasema. Kimani aliitwa jina la babu yake, na kwao mtoto wa namna hiyo baba yake humwita baba wakati moyo umelainika. "Baba, kuku wanakuuliza."

Kimani hakuinua kichwa. "Wanasema aje?"

"Wanasema mimi nawalisha kama askari. Wewe ukiwapea chakula ulikuwa unawaongelesha." Akalitoa lile nyoya kofiani. "Wamekataa kutaga vizuri. Nimewaambia utakuja. Sasa kama hukuji, mimi nitawaambia nini?"

Kimani alicheka. Kile kicheko kilianza vizuri kikavunjika katikati, akamwangukia baba yake begani, na mzee akamshika kichwa kwa mkono ule mkubwa, akakishika hivyo mpaka Kajiado. Lekishon alikuwa amegeukia dirisha anafuta pua kwa mkono wa koti, lile koti alilopewa. Na Ndolo, mwanamume mzima aliyewahi kuendesha malori mpaka Kongo, akaniomba kitambaa.

Kajiado daktari wa akili alikuja mapokezini kutuchukua. Alikuwa Mmaasai, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu. Alitutazama sote, akaona Lekishon amevimba macho kuliko mtu yeyote, akamshika mkono. "Sopa," akamsalimu kwa Kimaasai, kwa upole.

"Epa," Lekishon akaitika.

"Karibu, kijana. Tutakusaidia. Umekuwa ukijisikia hivi tangu lini?"

"Si yeye," Kimani akasema. "Huyo leo ameshatibiwa mara moja, inatosha."

Yule daktari alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akamchukua Kimani, akafunga mlango, na mimi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikakaa chini na kuvua raba.

Kabichi zilirudi chuoni jioni. Wanafunzi walikuwa wamekula maharagwe matupu na walitaka kuandamana. Ndolo hakuwaambia sababu. Alisema tu gari lilikuwa na shughuli.

Kimani alilazwa kwa muda. Mama yake alifika siku ya pili na wenzake wa kwaya, akataka kumtoa ili apelekwe kwa maombi kwanza. Mimi ni mtu wa kanisa, kwa hiyo nilimjibu kama mtu wa kanisa: "Mama, mtoto akivunjika mguu si huwa tunaombea hapo hapo kitandani, na plasta iko mguuni?" Alifikiria, akakubali. Wakaimba pale wodini, sauti nne, na wagonjwa wa vitanda vingine wakaomba wimbo wa pili.

Sitaki kuwadanganya kwamba alipona kama mtu anayewasha taa. Dawa ya kwanza ilimfanya alale kama gunia, ikabidi wambadilishie. Aliahirisha semista. Alikuwa anaonana na mshauri kila wiki, na kuna wiki alitoka kule amenuna kuliko alivyoingia. Kuna siku mbaya zilirudi pia. Lakini safari hii alijua nambari za kupiga, alijua mlango, na alijua neno la kusema. Mwenyewe aliniambia, "Sista, siku hizi sisemi niko sawa. Nasema leo niko nusu." Na Lekishon alikuwa akimtembelea Isinya kumpelekea maandishi ya darasani. Alimpelekea ya uchumi, maana ndiyo aliyokuwa nayo. Kimani anasema aliyasoma yote kwa heshima na mpaka leo hajui yalihusu nini.

Kazi yenyewe ilibadilika mbele ya macho yangu. Miaka ya mwisho vijana hawakupita tena kwenye sukuma wiki. Walikuwa wananitumia ujumbe kwa simu. Mwanzoni nilidhani wamekuwa wavivu, kumbe ni mlango mwingine, na wako wanaoweza kuandika neno ambalo mdomo umekataa kulitamka. Nikajifunza. Ila kujifunza kwenyewe! Siku moja mwanafunzi mmoja alinijibu kwa picha ya fuvu la kichwa. Fuvu tupu, hakuna maneno. Nilikimbia kutoka kliniki mpaka hosteli ya wavulana na glovu mikononi, nikapanda ngazi, nikagonga mlango karibu niuvunje. Akafungua na mswaki mdomoni.

"Sista? Kuna nini?"

Nikamwonyesha simu, pumzi imeniishia.

"Hiyo ni kucheka, Sista! Ulisema kitu funny, nikakufa."

Basi nyinyi mnaokufa kwa kucheka, muwe na huruma na wazee. Lakini sijutii zile mbio. Afadhali nikimbilie kicheko mara kumi kuliko kutembea polepole siku ambayo si kicheko.

Kwa hiyo wanangu, sikieni. Leo, ukiwa mzima na umeshiba, uliza ofisi ya mshauri wa chuo chenu iko wapi, na nani hushika simu ikiwa imefungwa. Weka nambari ya msaada kwenye simu yako kabla hujaihitaji. Jua hospitali iliyo karibu. Ukiona rafiki anabadilika, muulize kwa maneno yenyewe, usimwache peke yake, na usijifanye daktari, mfikishe tu. Na kama anayebadilika ni wewe, hata kama huwezi kueleza, hata kama unaona unasumbua watu, mwambie mtu mmoja hivi: "Siko salama leo, kaa na mimi." Huhitaji kuongeza kitu. Sijaona nesi, daktari wala mzazi aliyesikia maneno hayo akaona kwamba amesumbuliwa.

Siku hizi niko nyumbani, nafuga sungura wachache na napanda maua yasiyokubali kushika. Juzi mchana simu ikalia. Ni Kimani. Sasa anafundisha shule ya sekondari mbele ya Kajiado, kule ambako mvua ilikuwa imepotea mpaka watu wakaacha kuitaja. Nilipoona jina lake nikasimama, si unajua, mazoea ya kazi.

"Kimani. Uko wapi? Uko na nani?"

"Niko darasani, Sista. Kidato cha pili."

"Kuna nini?"

"Hakuna."

"Hakuna nini?"

"Hakuna kitu. Nimepiga tu." Akacheka. "Ngoja, sikiza."

Akainua simu juu. Kwanza sikuelewa, nilidhani ni kelele ya mtandao. Kisha nikaitambua: mvua kubwa juu ya mabati, na chini yake watoto wa kidato cha pili wamesahau somo, wamekimbilia uwanjani, wanapiga mayowe. Niliketi kwenye kochi na simu sikioni. Mvua ya Kajiado ikanyesha sebuleni kwangu Kitengela, na wala hatukukata simu.